Mkutano wa Tembo: wikendi moja katika theluji na wapanda moto wa Ujerumani

Wandugu, kwanza tuelewane juu ya neno. Kwetu Kongo "moto" ni ule wa kupikia na tena ni pikipiki. Wenye Kiswahili sanifu watatuvumilia, sarufi yenyewe inatusaidia: moto wangu ni wa jikoni, moto yangu ni ya barabarani. Katika andiko hili zote mbili zitapita mingi, maana nimetoka kulala siku mbili mahali ambapo zote mbili zilikuwa nje, moja inawaka na nyingine imezikwa na theluji mpaka kwenye kiti.

Mahali penyewe panaitwa Loh. Ni bonde katika msitu wa Bavaria, kusini-mashariki mwa Ujerumani, karibu na vijiji vya Solla na Thurmansbang, si mbali na mpaka wa Ucheki. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa kwanza ao mwanzo wa mwezi wa pili, yaani pale baridi inapokuwa kali kabisa, wapanda moto kwa maelfu wanakuja pale kutoka Ujerumani, Italia na inchi zingine za Ulaya. Wanasimika mahema juu ya theluji, wanawasha moto, wanakula, wanazunguka kutazama pikipiki za wengine, wanalala, siku ya yenga wanarudi nyumbani. Hakuna mbio. Hakuna tajiri wa kutoa zawadi ya gari. Jina lake kwa Kijerumani ni Elefantentreffen, Mkutano wa Tembo. Si Tembo ile ya chupa, ingawa chupa nazo hazikosekani.

Nilipomtumia mdogo wangu wa Bukavu picha, alinijibu kwa sauti: "Yaya, ile bazungu banalipwaka ngapi juu ya kulala mu baridi?" Nikamwambia hawalipwi, wao ndio wanalipa kiingilio. Akanyamaza kidogo. Kisha: "Banalipa? Beko bagonjwa?"

Swali lake si la kuchekesha tu. Mdogo wangu ana lisanse ya pedagojia na anaendesha moto ya kubeba watu, kama vijana wengi mnaosoma ukurasa huu. Bukavu na Goma wanamwita motari, Lubumbashi manseba, Kinshasa wewa. Majina yote hayo, mtu akiyatamka mbele ya wazazi wa mchumba, yanashuka na uzito fulani. Sasa hapa kuna mainjinia na maprofesa wanaolipa ili wafanye kwa mapenzi kitu ambacho yeye anafanya kwa sababu ya tumbo, tena katika hali mbaya zaidi. Imefikaje hapo? Jibu liko katika historia, na historia yenyewe si ndefu.

Baada ya vita ya pili ya dunia Ujerumani ilikuwa imevunjika. Gari ilikuwa ya tajiri. Mfanyakazi wa usine, mwashi, muuza maziwa, hao wote walitembea na pikipiki, na wenye familia walifunga pembeni yake kile kiti chenye gurudumu la tatu, sidekari, wakaweka bibi na mtoto ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pikipiki za Ujerumani Magharibi zilikuwa nyingi kuliko magari madogo. Nürnberg, muji ninaposomea, ulikuwa kama kitovu cha kazi hiyo: Zündapp, Victoria, Hercules, Ardie, Triumph ya Wajerumani, zote zilitengenezwa hapa. Zündapp yenyewe ilizaliwa mwaka 1917 kama usine ya viwashio vya makombora, na jina lake ni kifupi cha maneno yanayosema hivyo hivyo.

Pikipiki yao kubwa ya miaka ile ni Zündapp KS 601. Injini yake ni ya karibu sentimita za ujazo 600, silinda mbili zilizolala moja kushoto na moja kuume, nguvu za farasi 28. Injini ya namna hiyo wanaiita boxer, lakini usichanganye na Boxer ya Kihindi inayokubeba kila siku, ile silinda yake ni moja tu. KS 601 ilikuwa nzito, ilivuta sidekari mlimani bila kulalamika, na ile ya rangi ya kijani watu waliiita Tembo wa Kijani. Ndipo jina la mkutano lilipotoka.

Lakini angalia tarehe. Agosti 1955 Volkswagen ilitoa gari yake ndogo ya milioni moja. Mishahara ilipanda. Yule mwashi aliyekuwa anafika kazini ameloa alianza kuweka franga pembeni, akanunua gari yenye paa. Katika miaka michache tu pikipiki iligeuka kuwa alama ya mtu ambaye bado hajafaulu. Usine zikaanza kufa moja moja. BMW yenyewe, mwaka 1959, ilibaki kidogo tu iuzwe kwa Daimler-Benz.

Katikati ya kuanguka huko alikuwako mwandishi mmoja wa gazeti la Das Motorrad, Ernst Leverkus, ambaye wasomaji walimjua kwa jina la utani, Klacks. Kazi yake ilikuwa kujaribu pikipiki na kuandika. Mwanzoni mwa mwaka 1956 aliwaita wenye KS 601 na sidekari wakutane karibu na Stuttgart, pale kwenye njia ya mbio ya Solitude, katikati ya baridi. Waliofika walikuwa wachache. Lakini kwa kuchagua majira yale alisema kitu: kama hii mashine inaweza kutufikisha hapa mwezi wa kwanza, na theluji hii, basi si takataka, na sisi tunaoiendesha si watu waliobaki nyuma. Mwaka uliofuata walikuja wengi zaidi, na wenye pikipiki za aina nyingine pia. Kuanzia 1961 mkutano ulihamia Nürburgring, ile njia ya mbio ya magari yenye sifa, ukakua mpaka ukawa mzigo, ukahama tena. Tangu 1989 uko Loh. Zündapp yenyewe ilifilisika mwaka 1984, mashine zake zikauzwa China. Tembo alikufa, mkutano wake ukabaki.

Aliyenipeleka ni mzee jirani yangu, fundi mstaafu. Jina lake silitaji, hapendi mambo ya intaneti. Ananiita Herr Doktor, ingawa mimi bado niko kwenye masta, na amekwenda Loh mara mingi kuliko anavyokumbuka. Mimi nilikaa ndani ya sidekari. Tulitoka Nürnberg Ijumaa asubuhi na kushika njia kubwa ya A3: Regensburg, kisha tunafuata bonde la Danube mpaka Deggendorf, kisha tunapanda mlima. Ni karibu kilomita 200.

Wale ambao hawajaona sidekari ikitembea wanafikiri ni pikipiki iliyoongezewa kiti. Hapana, ni mnyama mwingine. Pikipiki ya magurudumu mawili inapinda kwa kulala upande. Sidekari hailali. Hapa imefungwa kuume, sasa ukiongeza mafuta mzigo wa pembeni unabaki nyuma na pikipiki inavutwa kuume. Ukifunga breki mzigo unataka kuendelea mbele, inavutwa kushoto. Na ukipinda kwa nguvu kuume, gurudumu la pembeni linataka kuruka juu, ndiyo maana aliye ndani anapaswa kuegemeza mwili wake nje, upande wa kuume, kama anayetaka kuokota kitu barabarani. Mzee alinifundisha ishara moja tu: akinipiga begani, niegemee. Kwenye barabara za mlimani nilipigwa begani kama ngoma. Faida yake ni kwamba kwenye barafu ile magurudumu mawili yanakuangusha bila kukuuliza, lakini matatu yanateleza tu, na unapata nafasi ya kuyarudisha.

Adui mkubwa siku hiyo hakuwa theluji, ni upepo tunaojitengenezea sisi wenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri na unatembea kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto karibu kama iko kwenye nyuzi 17 chini ya sifuri pasipo upepo. Ndiyo sababu hawa watu hawavai koti moja zito kama Bazungu wa sinema. Wanavaa nguo nyingi nyembamba moja juu ya nyingine, na juu kabisa moja isiyopitisha upepo. Pamba haikubaliwi karibu na mwili, kwa sababu ikinywa jasho haikauki upesi na inageuka kuwa kitambaa cha barafu. Sufu, hata ikiwa na unyevu, bado inatunza joto. Mzee alinikagua mlangoni kama askari wa mpakani, akanirudisha ndani nivue tisheti.

Bonde la Loh limekaa kama sufuria, kingo zake zimeinuka pande zote, na Wajerumani wanaliita kwa jina lenye maana ya chungu cha wachawi. Ukifika juu unaona chini moshi, mahema mamia na mamia, na pikipiki za kila aina: za mitambo ya kisasa, za jeshi la zamani, nyingine zimeundwa na mwenyewe kwa vyuma vilivyookotwa, zimefungwa ngozi za kondoo na pembe za ng'ombe. Magari hayaruhusiwi kushuka humo. Mlangoni unalipa, unapewa kibandiko cha mwaka, na wenyeji wanakuuzia kuni na majani makavu ya ngano. Nilifikiri majani ni ya mapambo. Mzee alinunua mafungu kadhaa kabla hata ya kuuliza bei ya kuni.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndicho kitu nilichojifunza kwa mwili. Mtu anayelala nje kwenye baridi haibiwi joto na hewa ya juu kwanza. Anaibiwa na udongo ulio chini yake. Mfuko wa kulalia umejaa manyoya ao nyuzi nyepesi, lakini kinachokupasha si manyoya, ni hewa iliyotulia katikati ya manyoya. Ukiulalia, unaikamua ile hewa kwa uzito wako, na mgongo unabaki na kitambaa tu kati yake na theluji. Basi unaweka kitu chini ambacho hewa yake haikamuliki upesi: majani ya ngano, tabaka nene, kisha matela ya povu, kisha mfuko. Bibi zetu waliolala juu ya majani makavu na mkeka walijua hesabu hiyo bila kuiita fizikia.

Mengine ni madogo lakini usiku wa nyuzi 9 chini ya sifuri yanakuwa makubwa. Unakula mafuta kabla ya kulala, maana mwili ni mbabula, bila makala hauwaki. Unakwenda kukojoa hata kama hutaki. Buti unaziingiza ndani ya mfuko pamoja na wewe, la sivyo asubuhi ni mawe. Simu nayo inalala kifuani, kwa sababu betri ikishikwa na baridi inajizima hata kama imejaa. Na hema huifungi yote. Pumzi yako ni maji. Ukiziba kila tundu inaganda juu ya kitambaa na asubuhi inakudondokea usoni kama unga.

Kuna sababu nyingine ya kuacha tundu, na juu ya hiyo hakuna mtu anayecheka pale Loh. Hakuna kuingiza jiko ndani ya hema. Jiko la gazi, makala, hata yale yaliyobaki mekundu bila moshi, hakuna. Kitu kinachowaka mahali pasipo hewa ya kutosha kinatoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Inashika damu, pale panapopaswa kukaa oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anaumwa kichwa kidogo, anasikia usingizi, anafikiri ni uchovu wa safari, analala. Basi.

Nilipokuwa nasikiliza Mzee akinieleza, mawazo yangu hayakuwa Bavaria. Yalikuwa kwenye vyumba vya wanafunzi kwetu, musimu wa mvua, pale tunaingiza mbabula ndani na kufunga dirisha ili nguo zikauke na chumba kipate joto. Ni nani kati yetu hajasikia habari ya watu waliokutwa asubuhi hawaamki, na mtaa mzima unasema ni sumu ya jirani ao ni uchawi? Makala ambayo haitoi moshi tena ndiyo tunayoiamini, na yenyewe ndiyo inatoa ile gazi vizuri sana. Ukisikia kichwa kinauma na kuna mbabula ndani, usitafute paracetamol, fungua mlango, toka nje, vuta wenzako. Ukisahau yote mengine ya andiko hili, hilo shika.

Jumamosi ni siku ya kuzunguka. Hakuna ratiba ya maana. Unapita kati ya mahema, mtu anakuita kwenye moto wake, unakaa, unapewa supu, unaonyeshwa kabureta. Mimi nilikuwa nimebeba unga wa mahindi na sambaza kavu kutoka duka la Waafrika, nikasonga bugali kwenye sufuria ya Mzee. Waitaliano watatu walikuja kuangalia, wakaamua kwamba ni polenta, tukabishana kidogo, wakala. Mmoja alikuwa daktari, mwingine mchomeleaji vyuma. Huwezi kujua ni nani ni nani, wote wananuka moshi na mafuta ya injini.

Na hapo ndipo nilipopata jibu la kumpelekea mdogo wangu, ingawa halikuwa tamu. Hawa si wagonjwa, na si mashujaa kutushinda sisi. Wanaweza kuipenda baridi kwa sababu wanaweza kuiacha. Daktari yule siku ya kwanza ya juma atakuwa kwenye ofisi yenye joto, na gari yake inamngoja nyumbani. Motari wa Bukavu anayekunywa mvua ya saa kumi na mbili asubuhi hana pa kurudi, asipotoka hakuna versement ya mwenye moto, hakuna chakula. Mashine ni moja. Tofauti ni nani ana haki ya kusema leo sitoki. Sipendi andiko linalotaka kutupamba tuone umaskini kama michezo, basi hilo nimelisema na linatosha.

Lakini kuna jambo jingine, na kwangu ndilo lilifanya safari iwe ya maana. Jumamosi jioni, giza likiingia, watu walishika mienge na kushuka wote kwa mstari bondeni. Ni kwa ajili ya wapanda moto waliokufa barabarani. Kelele za mchana zilikatika. Maelfu ya watu, mwanga mwekundu juu ya theluji, mtu hasemi. Nilikumbuka mara moja wamotari wetu: mwenzao akigongwa, kazi inasimama, wanamsindikiza kaburini moto zote pamoja, honi zinalia, matawi yamefungwa mbele. Wajerumani wanyamaze, sisi tupige honi, ni kitu kimoja.

Kinachofuata ndicho tofauti. Wanaoandaa mkutano huu ni shirikisho la wapanda moto la inchi nzima, BVDM, lililoundwa mwaka 1958, miaka miwili baada ya ule mkutano wa kwanza. Wanachama wanalipa mchango, wengi wanafanya kazi ya kujitolea, hata waliokuwa mlangoni wakitukatia tiketi na pua nyekundu. Shirikisho halikai kungoja mkutano wa mwaka ujao. Moja ya kazi zake ni vyuma vya kingo za barabara. Mmeviona kwenye picha: ukanda wa chuma juu ya nguzo fupi, pale kwenye kona, ili gari lisitumbukie bondeni. Kwa gari ni kitu kizuri. Kwa aliyeanguka na moto ni kitu kingine. Yeye anateleza chini chini, anapita chini ya ule ukanda na kugonga nguzo kwa mwili wake. Waliotengeneza hawakuwa na ubaya, waliwaza gari tu, hawakuwaza mtu aliye chini. Dawa yake ni rahisi: ukanda wa pili, chini ya ule wa kwanza, unaofunika nguzo. Wapanda moto waliomba hivyo, wakarudia, wakachangisha franga, wakaonyesha ni kona gani zinazoua, na kwenye kona mingi leo ule ukanda wa chini upo. Tulipokuwa tunarudi Mzee alinionyesha mmoja kwa kidole, bila neno.

Nilimweleza mdogo wangu habari hiyo kwa urefu. Yeye anajua mambo ya chama, wako nacho, kina prezida, kina likelemba, kina kaso ya matanga. Akaniambia: "Yaya, siye tunajuaka fasi benyi kufa banafia. Ile fasi ya kushuka, mvua ikinyesha. Kila mutu anajua." Nikamuuliza kama imeandikwa mahali. Akasema haijaandikwa.

Niko nafikiria sana hilo neno, kila mtu anajua na haijaandikwa. Kati yetu wenye diploma, kuna waliosoma jeografia, takwimu, haki, uhandisi wa barabara, na sehemu yao wako juu ya moto saa hii wakingoja mteja. Daftari moja: tarehe, saa, mahali, mvua ao jua, kaske ilikuwepo ao hapana, aliumia ao alikufa. Miezi sita. Halafu karatasi moja yenye ramani ya muji na vidoti vyekundu, ipelekwe kwa wanaohusika na barabara, iwekwe muhuri wa kupokelewa, kopi ibaki. Wanaweza kuiweka kwenye kabati, najua, msianze kunijibu hivyo kwenye komenti. Hata wale wa hapa barua zao zilikaa kwenye makabati. Lakini kidoti kilichoandikwa unaweza kukirudisha mezani mwaka ujao kikiwa na wenzake, na matanga hayarudi mezani. Mdogo wangu amesema ataanza na kituo chao tu, watu kama thelathini. Ameniomba nimtengenezee jedwali linalofunguka kwenye simu ndogo. Nimelituma jana. Anayelitaka kwa ajili ya muji wake aniandikie, ni la bure.

Kwa wale walio Ulaya kwa masomo na wanauliza kama wanaweza kwenda: mnaweza, hata bila moto yenu, ukipata wa kukubeba ndani ya sidekari. Kodi mfuko wa kulalia wa baridi kali, usinunue, ni ghali na utautumia mara moja. Kiingilio, majani na kuni lipa kwa franga taslimu. Usichukue kinywaji kikali ukifikiri kinapasha joto. Pombe inasukuma damu kwenye ngozi, unasikia joto huku mwili wa ndani unapoa. Beba pilipili. Na ukirudi nyumbani usilale kwanza: barabara zote zimemwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chuma. Sisi tuliosha ile sidekari usiku ule ule, Mzee na mpira wa maji, mimi na brashi chini ya tumbo la injini, mpaka saa tano.